Dhahabu huisha, aseniki hubaki

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba maji ya kunywa ni lazima yachemshwe. Mafunzo hayo ni mema, na yameokoa watu wengi kutokana na kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi mengine ya kuhara. Lakini iko sumu moja isiyojali moto wa jiko. Ukiyachemsha maji yaliyo nayo, sumu husalia sufuriani, na kwa kuwa sehemu ya maji imekwenda na mvuke, kikombe utakachokunywa huwa kikali kidogo kuliko ndoo uliyoteka kisimani. Kwa macho, maji hayo ni safi kabisa. Hayana harufu wala ladha. Mama anayeyateka hana njia ya kuyatofautisha na mengine.

Sumu hiyo ni aseniki. Wazee waliofuga ng'ombe zamani huenda wakaikumbuka, kwani ndiyo iliyokuwa ikitiwa katika majosho kuua kupe kabla ya dawa nyingine kupatikana. Madukani iliuzwa kama sumu ya panya. Huko Ulaya ilipendwa mno na warithi waliochoka kungoja, hata Wafaransa wakaiita unga wa urithi.

Makala ya leo hayahusu wauaji wa aina hiyo. Yanahusu familia zinazoishi karibu na machimbo ya dhahabu ya zamani, mahali ambapo kampuni ilifunga lango miaka mingi iliyopita, mitambo ikaota kutu, na vijana wa leo hawajui hata meneja alikuwa nani. Kenya inayo machimbo kama hayo: Macalder katika Kaunti ya Migori, na Rosterman karibu na mji wa Kakamega. Tutayafikia. Lakini ili msomaji aelewe jinsi sumu hii inavyofanya kazi, hatuna budi kwenda kwanza mbali sana, hadi mji wa Yellowknife kaskazini mwa Kanada, ambako mambo haya yamechunguzwa na kuandikwa kwa miaka mingi.

MWENZAKE DHAHABU

Aseniki haikutengenezwa na binadamu. Ni elementi ya asili iliyomo katika mawe, na mara nyingi hukaa pamoja na dhahabu. Yako mawe mazito ya rangi ya fedha ambayo ndani yake chuma, salfa na aseniki vimeshikamana. Wanajiolojia huyaita asenopairaiti. Katika machimbo mengi chembe za dhahabu zimefungiwa humo humo, ndogo mno hata haziwezi kuonekana kwa jicho wala kuoshwa kwa karai. Hata sianidi, kemikali ambayo makampuni hutumia kuyeyusha dhahabu, haizifikii vizuri.

Mbinu iliyotumiwa kwa miaka mingi ilikuwa kuyasaga mawe hayo na kuyachoma katika tanuri. Moto huvunja jiwe na kuiachilia dhahabu. Lakini aseniki nayo hutoka, ikiwa mvuke, ikapanda pamoja na moshi. Ikipoa hugeuka unga mweupe mwembamba, unaoweza kudhaniwa kuwa unga wa ngano. Hapo ndipo ubaya unapoanzia, kwani sumu iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe sasa imekuwa kitu cha kupeperushwa na upepo na kuyeyuka majini. Lita moja ya maji yaweza kuyeyusha karibu gramu 20 za unga huo, na kiasi kisichofika hata robo ya kijiko cha chai kinatosha kumwua mtu mzima.

Hata pale ambapo hapakuwa na tanuri, hatari ipo. Jiwe likiwa zima chini ya ardhi, hewa hailifikii, na aseniki yake hulala. Likitolewa nje, likasagwa na kumwagwa lundo kando ya mto, hewa na mvua huanza kulila. Salfa hugeuka asidi, na aseniki huchuruzika polepole hadi kijitoni. Kazi hiyo haihitaji meneja wala mshahara. Huendelea miaka hamsini, miaka mia. Kuna sumu nyingi ambazo huoza zikaisha, kama zile dawa za kuulia wadudu ambazo mkulima huambiwa angoje siku kadhaa kabla ya kuvuna. Aseniki haiozi. Haina tarehe ya kwisha nguvu.

THELUJI YA MWAKA 1951

Machimbo ya Giant yalianza kutoa dhahabu mwaka 1948, ufuoni mwa Ziwa Great Slave, kilomita chache kutoka katikati ya Yellowknife. Tanuri lake liliwashwa mwaka 1949. Mwanzoni moshi ulitoka bila kuchujwa kwa chombo chochote, na mtambo wa kwanza wa kunasa vumbi uliwekwa mwishoni mwa mwaka 1951. Inakadiriwa kwamba hadi tanuri lilipozimwa mwaka 1999, zaidi ya tani 20,000 za unga wa aseniki zilikuwa zimepita angani, sehemu kubwa kabla ya mwaka 1963.

Sasa msomaji wa Nairobi au Mombasa na ajaribu kuyafikiria maisha ya huko. Kwa zaidi ya nusu ya mwaka nchi hufunikwa na theluji, na ziwa huganda likawa kama sakafu. Wenyeji wa asili wa sehemu hiyo ni Wadene, na kijiji chao kimoja, Ndilo, kiko ng'ambo kidogo tu ya machimbo. Wao walipata maji kutoka ziwani, na wakati wa baridi waliiyeyusha theluji. Unga uliotoka katika bomba la moshi ulianguka juu ya theluji hiyo hiyo, mweupe juu ya weupe. Mwaka 1951 mtoto mdogo wa Kidene alikufa kwa sumu ya aseniki iliyokuwa katika theluji. Kampuni iliilipa familia yake dola 750. Wazee wa Kidene hawajaacha kusema kwamba vifo vilikuwa zaidi ya hicho kimoja kilichoandikwa.

Maonyo yalitolewa, lakini yaliandikwa kwa Kiingereza, na Wadene wengi wa wakati huo hawakuweza kukisoma. Jambo hili ni la afya kama lilivyo la haki. Tangazo ambalo anayekunywa maji hawezi kulisoma halijamwonya mtu, limemlinda aliyeliandika. Wadene walijifunza kwa njia yao wenyewe. Waliacha kuchuma matunda ya porini upande ule, wakaacha kuvua karibu na machimbo, wakawa wanakwenda mbali zaidi kutafuta chakula kilichokuwa mlangoni mwao tangu enzi za mababu.

Mitambo ya kunasa vumbi ilipoboreshwa, moshi ulipungua sana. Lakini vumbi lililonaswa lilipelekwa wapi? Lilirudishwa chini. Kampuni ilililipua kwa hewa kupitia mabomba hadi katika mapango yaliyoachwa na wachimbaji na vyumba vilivyochongwa kwa kazi hiyo, kwa matumaini kwamba ardhi ya huko, ambayo kwa kawaida huwa imeganda mwaka mzima, ingelifungia milele. Walichosahau kukihesabu ni kwamba kuchimba kwenyewe huleta joto na kufungua njia za maji. Ardhi ikayeyuka.

Leo tani 237,000 za unga huo zimo chini ya Yellowknife. Ukitaka kuupakia katika malori ya kubeba tani 28 kila moja, utahitaji malori zaidi ya 8,000. Dhahabu yote iliyotoka Giant ilikuwa zaidi ya wakia milioni 7, yaani karibu tani 220. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila kilo moja ya dhahabu iliyouzwa, zaidi ya kilo 1,000 za unga wa sumu zilibaki chini ya mji wenye watu kama 20,000.

Mwaka 1999 kampuni iliyomiliki machimbo ilifilisika, na mzigo ukaangukia serikali ya Kanada. Uchimbaji ulikoma kabisa mwaka 2004. Tangu hapo maji yanayojikusanya chini ya machimbo hayana budi kupigwa pampu na kusafishwa, ili yasipande yakafikia vyumba vya sumu kisha yakatokea ziwani. Mpango ulioidhinishwa mwaka 2014 ni kuyagandisha mapango hayo kwa mabomba maalumu yenye gesi ya kabonidioksaidi, ambayo huvuta joto la ardhini na kulitoa nje wakati wa baridi bila kutumia umeme. Kazi kubwa ilianza mwaka 2021 na imepangiwa kwenda hadi mwaka 2038. Gharama iliyotangazwa mwaka 2022 ni dola za Kanada bilioni 4.38.

Na hata hivyo, hakuna anayeliita hilo suluhisho la kudumu. Wakazi, Wadene wakiwa mstari wa mbele, walishikilia kwamba mpango huo upewe muda wa miaka 100 tu, kuwe na bodi huru ya kuusimamia, na utafiti uendelee kutafuta njia ya kuumaliza ubaya wenyewe. Bodi hiyo iliundwa mwaka 2015.

KINACHOTOKEA MWILINI

Aseniki humdhuru mtu kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya ghafla, kama ilivyokuwa kwa yule mtoto. Mtu aliyemeza kiasi kikubwa hutapika, huumwa na tumbo vibaya na kuharisha choo cha majimaji kama maji ya mchele. Daktari asiyejua mgonjwa ametoka wapi anaweza kudhani ni kipindupindu. Kisha huja ganzi mikononi na miguuni, misuli kukaza, na kifo kama hakupata msaada. Kwa mgonjwa wa namna hiyo hospitali zina dawa za kuishika sumu na kuitoa kwa njia ya mkojo, mradi afikishwe mapema.

Ya pili ni ya polepole, nayo ndiyo inayowahusu zaidi majirani wa machimbo. Mtu hunywa kidogo kila siku, hapikiwi sumu na mtu yeyote, wala hasikii lolote. Dalili za kwanza aghalabu huonekana kwenye ngozi, na kwa kawaida huchukua kama miaka mitano au zaidi kutokeza. Ngozi ya kifua na mgongo hupata madoa meusi na meupe, kama vumbi lililodondokewa na matone ya mvua. Viganja na nyayo huota vijinundu vigumu kama punje za mtama. Mkulima au mwashi huenda asishtuke, kwa maana viganja vyake vimekuwa na sugu tangu zamani. Lakini sugu ya jembe huota pale mpini unaposhika. Vijinundu vya aseniki hutapakaa viganja vyote viwili, na nyayoni pia.

Ngozi ni kioo tu cha yanayoendelea ndani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeiweka aseniki katika kundi la vitu ambavyo hakuna shaka kwamba huleta saratani kwa binadamu: saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu cha mkojo. Aidha imehusishwa na maradhi ya moyo na mishipa ya damu, kisukari, na kuharibika kwa neva. Kwa mama mjamzito hupenya kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na watoto walioipata wakiwa tumboni au wachanga wameonekana kuathiriwa katika ukuaji wa akili. Mtoto anayetambaa ana hatari nyingine zaidi, kwani kila kilichoko chini hukipeleka mdomoni, udongo ukiwamo.

Linalotisha zaidi ni kwamba madhara hayaondoki siku maji yanapotengenezwa. Katika mji wa Antofagasta nchini Chile, wakazi walikunywa maji yenye aseniki nyingi sana kati ya mwaka 1958 na 1970, mpaka mtambo wa kuyasafisha ulipojengwa. Vifo vya saratani ya mapafu na ya kibofu viliendelea kuwa juu kwa miongo kadhaa baadaye, miongoni mwa watu waliokuwa wakinywa maji yale utotoni.

Je, kiasi gani ni kingi? Hadi mwaka 1993 WHO ilikubali mikrogramu 50 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mwaka huo ikashusha kipimo hadi mikrogramu 10. Hicho ni kitu kidogo kupita kiasi: ni kama gramu moja iliyokorogwa katika matangi kumi ya lita 10,000 kila moja. Hakuna ulimi unaoweza kukionja.

MKOJO, NYWELE NA UKUCHA

Aseniki haikai mkojoni muda mrefu. Sehemu kubwa ya aliyoinywa mtu hutoka katika muda wa siku chache, ndiyo maana kipimo cha mkojo hueleza ya wiki hii tu. Nywele na kucha huhifadhi habari za miezi iliyopita, kwa kuwa aseniki hujenga makao humo zinapokua. Mwaka 1977 chama cha kitaifa cha wenyeji wa asili wa Kanada, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walishirikiana kupima nywele za watoto wa Kidene na za wafanyakazi wa Giant, baada ya kuchoka na majibu ya serikali. Walikuta aseniki iliyozidi kawaida.

Kuanzia mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa waliwapima zaidi ya watu 2,000 wa Yellowknife, Ndilo na Dettah, wakichukua mkojo na kucha za miguu. Watu wazima walionekana kuwa na kiasi kisichopishana sana na cha Wakanada wengine. Watoto walikuwa juu kidogo. Watoto walipangiwa kupimwa tena baada ya miaka mitano, na wote baada ya miaka kumi.

Hiyo ni habari njema, lakini yafaa isomwe kwa makini. Tangu mwaka 1969 mji wa Yellowknife hupata maji kutoka mtoni, mbali na machimbo, kwa bomba la kilomita 8 lililolazwa chini ya ziwa. Tanuri nalo limezimwa zaidi ya miaka 25. Serikali ya jimbo hilo huwaonya watu wasinywe maji ya maziwa madogo yaliyo karibu na machimbo. Kwa hivyo kipimo kimeonyesha kwamba watu wakitengwa na sumu, miili yao huonekana safi. Hakikuweza kumjibu mzee wa Ndilo anayetaka kujua kama ni theluji ya utotoni mwake iliyomletea ugonjwa alio nao sasa. Ukucha uliokatwa mwaka 2017 haukumbuki mwaka 1951.

HAPA AFRIKA

Mtu asidhani haya ni mambo ya nchi za barafu. Huko Obuasi, nchini Ghana, dhahabu imechimbwa kwa mitambo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mawe yake yamejaa asenopairaiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulipata hadi mikrogramu 175 za aseniki katika lita moja ya maji yaliyokuwa yakinywewa, vijito vikiwa ndivyo vilivyochafuliwa zaidi na machimbo. Katika maji ya ardhini kiasi kilifika mikrogramu 64, na ajabu ni kwamba visima virefu vya mita 40 hadi 70 ndivyo vilivyokuwa vibaya kuliko vifupi, kwa sababu maji yamekaa muda mrefu zaidi ndani ya mawe. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kisima kikiwa kirefu ndipo maji yanapokuwa salama. Kwa vijidudu ni kweli. Kwa aseniki si lazima.

Kwetu Kenya, dhahabu ya Kakamega ilivuta mamia ya walowezi miaka ya 1930, na machimbo ya Rosterman yakaendelea hadi mwaka 1952. Macalder, yaliyotoa shaba pamoja na dhahabu, yalifungwa mwaka 1966. Mawe ya sehemu zote mbili yana asenopairaiti. Wenye makampuni walikwenda zao na malundo ya mabaki yakabaki, na leo wachimbaji wadogo huyarudia kuyaosha upya ili kupata chembe zilizosahauliwa. Utafiti wa ukanda wa dhahabu wa Migori uliochapishwa mwaka 2002 ulipata zebaki, risasi na aseniki katika mabaki hayo na katika tope la vijito, kwa viwango vilivyowatia watafiti wasiwasi. Maji ya sehemu hiyo huishia Ziwa Victoria.

Hata hivyo, kusema kwamba Migori ni Yellowknife nyingine kungekuwa kutia watu hofu bure. Hatukuwa na tanuri lililotoa moshi wa aseniki kwa nusu karne, wala hakuna mapango yaliyojazwa unga mweupe. Kwa mchimbaji mdogo anayechoma zebaki kwenye jiko la nyumbani, zebaki ndiyo adui aliye karibu zaidi, na tutakosea tukimsahaulisha hilo. Lakini aseniki ipo katika vumbi analolivuta kijana anayesaga mawe kwenye kinu, ipo katika tope linalochezewa na watoto wa akina mama wanaoosha mchanga, na huenda ikawamo katika kisima kilichochimbwa upande wa chini wa lundo. Msomaji wa mjini naye asijione hayumo. Huenda wazazi wako wanaishi huko, au wewe mwenyewe umenunua kiwanja na unatafuta mtu wa kukuchimbia kisima.

LA KUFANYA

Kwanza, usiyatilie maji dawa ya klorini ukadhani umeimaliza aseniki. Klorini huua vijidudu, na kwa hilo endelea kuitumia, lakini aseniki si kijidudu. Chujio la kitambaa na mtungi wa udongo haviiwezi pia. Iko mitambo inayoiondoa, inayotumia chembe za chuma kilichoota kutu ambazo aseniki hupenda kung'ang'ania, au utando mwembamba unaochuja maji kwa nguvu ya pampu. Mitambo hiyo huhitaji fundi wa kuiangalia na kubadilisha chujio kwa wakati wake. Ikiachwa bila matunzo, ni pambo tu.

Kwa familia ya kawaida, njia iliyo rahisi zaidi ni kubadilisha mahali pa kuteka maji ya kunywa na kupikia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi, mbali na vumbi la vinu, hayana shida hii. Jambo la kutia moyo ni kwamba aseniki haipenyi ngozi kwa urahisi, hivyo maji yaliyo nayo yanaweza kuogewa na kufulia nguo. Bangladesh, ambako aseniki ya asili imo katika visima vya mamilioni ya watu, visima vilipimwa kisha vikapakwa rangi: nyekundu kwa vile visivyofaa kunywewa, kijani kwa vile vilivyo salama. Hata asiyejua kusoma alielewa.

Mchanga wa mabaki ya machimbo usitumiwe kujengea nyumba wala kujazia uwanja wa kuchezea watoto, hata kama unapatikana bure. Wachimbaji waoge na kubadilisha nguo kabla ya kuwabeba watoto, na mawe yasisagwe mahali panapopikiwa. Mboga na viazi vya shamba lililo karibu na lundo vioshwe vizuri udongo wote utoke, na viazi vimenywe.

Anayeona madoa na vijinundu tulivyovieleza aende hospitali, na amwambie daktari waziwazi kwamba anaishi karibu na machimbo, kwani si jambo ambalo kila daktari atalikumbuka kuuliza. Akipimwa mkojo, ni heri asile samaki wa baharini, kamba wala kaa kwa siku chache kabla ya kipimo. Vyakula hivyo vina aseniki ya namna nyingine isiyo na madhara, nayo huweza kuupandisha mkojo ukaonekana mbaya bila sababu. Kwa sumu ya polepole hakuna kidonge cha kuifuta. Tiba ya kwanza ni kuacha maji yale, na kwa watu wengi ambao hawajafika mbali hali ya mwili huanza kupata nafuu.

Kuhusu maji yenyewe, yaweza kupelekwa katika maabara ya Mkemia wa Serikali, ambayo iko Nairobi na ina matawi Mombasa na Kisumu, au maabara nyingine iliyoidhinishwa. Ni nafuu zaidi majirani wakichanga wakapima kisima cha pamoja kuliko kila mmoja kwenda kivyake. Uliza kwanza maabara ikupe chupa yake na ikueleze namna ya kuijaza. Andika juu yake jina la kisima na tarehe. Na usiseme tu kwamba unataka maji yapimwe, kwa maana watakupimia vijidudu na chumvi, ukarudi nyumbani na karatasi inayosema maji ni safi. Taja aseniki kwa jina lake.